Pipa, kitanda cha tofali au mfuko? Kuchagua mti wa juu ya ghorofa Dar es Salaam

Kila Machi, masika yakikaribia, jirani au ndugu hunijia na swali lilelile akiwa tayari ameshika mche mkononi: "Huu utafaa kule juu?" Mche ameshaununua, pengine kando ya Barabara ya Bagamoyo akitoka kazini, na aghalabu ni mwembe. Hajatokea hata mmoja aliyeanza kwa kuniambia paa lake likoje, nguzo ziko wapi, maji anayatoa wapi. Mimi nimeotesha miti juu ya ghorofa tunaloishi Upanga kwa miaka minane sasa, na nimefika mahali pa kuamini kwamba mti wa paani huchaguliwa kwa kuanzia chini kwenda juu. Zege kwanza, kisha chombo, kisha maji. Mche unakuja mwishoni. Ulinganisho huu nimeupanga kwa mfuatano huo, na anayetaka kujua habari ya mwembe wake avumilie mpaka tufike.

Zege linabeba nini

Udongo wa kawaida wa bustani ukishashiba maji huwa na uzito wa kilo 1.8 hivi kwa kila lita. Nusu pipa, yaani lita 100, ni kilo 180. Pipa zima ni kilo 360. Kitanda cha kujengea, yaani tuta la udongo lililozungushiwa tofali, chenye kina cha sentimita 60 kinaweka zaidi ya tani moja juu ya kila mita ya mraba, na hapo hatujahesabu tofali zake.

Sasa linganisha na upande wa pili. Paa bapa la zege lililokusudiwa watu wapande, waanike nguo na wapunge upepo, kwa kawaida hukadiriwa kubeba mzigo wa kilo 150 hivi kwa mita ya mraba zaidi ya uzito wake lenyewe. Paa ambalo fundi tu ndiye aliyetazamiwa kulipanda hukadiriwa nusu ya hapo au pungufu. Kwa hiyo kile kitanda cha sentimita 60 ni mara saba ya mzigo ambao paa la kawaida lilipigiwa hesabu. Hakuna mjadala wa ladha hapo.

Nusu pipa lina nafuu kwa sababu lina nafasi pembeni yake. Likiwekwa peke yake, na la pili likakaa mita moja na nusu au zaidi kutoka hapo, mzigo hugawanyika. Na likiwekwa juu ya nguzo au juu ya mhimili, uzito unashuka moja kwa moja kwenda kwenye msingi badala ya kuivuta slabu ipinde. Katikati ya slabu, baina ya mihimili, ndiko kwenye udhaifu, na cha kusikitisha ndiko watu wanakopenda kuweka mti mkubwa ili uonekane.

Kuzijua nguzo si kazi ngumu. Shuka ghorofa iliyo chini ya paa, tazama nguzo zinaposimama na mihimili inapopita, pima umbali kutoka ukuta wa ngazi kwa futikamba, kisha panda juu upige vipimo vilevile na uweke alama kwa chaki. Mimi alama zangu niliziandika mara ya kwanza kwa chaki, mvua ikazifuta, nikarudi na rangi.

Wapo wanaoniambia, "Mbona tenki la lita 2,000 limekaa pale miaka kumi na halijatokea jambo?" Ni kweli tenki hilo likijaa ni tani mbili. Lakini liangalie limekaa wapi: mara nyingi ni juu ya kibanda cha ngazi, ambako kuta zinapanda kutoka chini, au juu ya jukwaa lililojengwa juu ya mihimili. Fundi aliyeliweka alijua alichokuwa akifanya. Hiyo si ruhusa ya kupanga matanki mengine ya udongo popote.

Jengo la Mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka tarehe 29 Machi 2013, watu 36 walipoteza maisha. Novemba 2024 tukaona tena ghorofa la Kariakoo likishuka na watu ndani. Majengo hayo hayakuangushwa na bustani, na siyataji kumtisha mtu. Nayataja kwa sababu jiji hili limeshalipa gharama kubwa kwa mambo ya kukisia. Ukitaka chochote kinachozidi mapipa machache yaliyotawanywa juu ya nguzo, mtafute mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aje na michoro ya jengo mkononi. Kama michoro haipatikani, hilo nalo ni jibu: baki kwenye vyombo vyepesi.

Watu hunionyesha picha za bustani za ng'ambo kwenye simu. Ile ya Kensington kule London iko juu ya jengo tangu 1938, na ina miti mikubwa ya kivuli. Yale maghorofa mawili ya Milano yaliyokamilika 2014 yana miti mamia kwenye roshani zake. Lakini yale ya Milano yalipigiwa hesabu ya miti kabla ya zege la kwanza kumwagwa. Mifano ya miti ilipimwa hata kwenye handaki la upepo, na miti yenyewe ikafungwa kwa nyaya za chuma. Nyumba zetu zilipigiwa hesabu ya watu, tenki na kamba za nguo.

Chombo: hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha

Nimejaribu vyombo vinne, na nimemaliza kwa kupenda kimoja.

Kitanda cha kujengea kwa tofali ndicho kizuri kuliko vyote kwa macho na kwa mti. Mizizi inapata nafasi, udongo haukauki upesi, hauchemki. Ubaya wake umejificha chini. Ili kisivujishe, kinataka tabaka la kuzuia maji lililobandikwa vizuri mpaka kwenye kona, juu yake tabaka la kuzuia mizizi, kisha kokoto za kupitisha maji, kisha kitambaa cha kuchuja, na matundu ya kutolea maji yasiyoziba. Ukiruka kimoja, umeshaharibu vyote. Cha kwangu nilijengewa na fundi mzuri wa tofali asiyejua lolote kuhusu maji. Masika ya pili, mama wa ghorofa ya chini yetu akanipigia hodi saa moja asubuhi kunionyesha dari ya chumba cha wanawe: doa la kahawia lenye ukubwa wa sinia. Kulitafuta tundu ilinibidi nikitoe kitanda chote, ndoo kwa ndoo, kupitia ngazi. Vyombo vinavyohamishika vina faida hii moja inayozidi nyingine zote: paa likivuja, unavisogeza, fundi anaona.

Nusu pipa la plastiki ndilo ninalolitetea. Yale mapipa ya buluu ya lita 200 hukatwa katikati na fundi yeyote mwenye msumeno, ukapata vyombo viwili vya lita 100, upana wa sentimita 58 hivi, kina cha sentimita 45 hivi. Yanavumilia jua miaka mingi. Uliza lilibeba nini kabla: lililobeba mafuta ya kula au juisi ni sawa, lililobeba kemikali liache, hata likioshwa mara kumi. Toboa matundu manane ya unene wa kidole chini, na mengine machache ubavuni sentimita tatu kutoka chini, maana yale ya chini huziba. Kisha liinue juu ya tofali tatu au vipande vya paleti. Zege lipumue, maji yapite, mende na panya wasipate maskani.

Rangi ya buluu hufyonza joto. Kwenye slabu ya Januari, ubavu wa pipa unaotazama magharibi unaweza kuunguza mkono, na mizizi iliyoshikana na ubavu huo hufa kimyakimya. Lipake chokaa nje, au lizungushie gunia. Tofauti niliyoiona kwa ndimu zangu baada ya kupaka chokaa ilinishangaza kuliko mbolea yoyote niliyowahi kununua.

Mfuko wa kitambaa kizito wa kupandia ni mwepesi, una mishikio, na mizizi yake haizunguki kama kwenye plastiki kwa sababu ikifika ukingoni inakutana na hewa na kujikata yenyewe. Ningeupa nafasi ya kwanza kama tungekuwa Lushoto. Hapa kwetu, upepo wa paani unaukausha pande zote. Siku mbili bila maji mwezi Februari na majani yanalegea. Unamfaa mpangaji anayejua atahama, na mwenye mtu wa kumwagilia kila siku. Usiuchanganye na salfeti ya mchele: salfeti hupasuliwa na jua ndani ya miezi, ukaachiwa rundo la udongo na nyuzi zinazoruka mpaka kwa jirani.

Matairi nimeyatumia, nimeyaacha. Ni mazito, yanachemka, na ukingo wake wa ndani hutunza maji ambamo mbu huzaana. Tangu homa ya dengi ya 2014 na ile ya 2019, sioni sababu ya kumwekea mbu kitanda juu ya vichwa vyetu. Kwa sababu hiyohiyo sitaki sahani chini ya vyungu.

Ndani ya chombo, usiweke udongo mtupu. Mchanganyiko wangu ni sehemu mbili za unga wa makumbi ya nazi, mbili za mboji iliyoiva, moja ya makapi ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi bila kuwa majivu, na moja ya mchanga wa mto. Ukishiba maji una uzito wa kilo 1.1 hivi kwa lita. Nusu pipa linashuka kutoka kilo 180 hadi 110, na zege linakushukuru. Makumbi yaloweke na kumwaga maji mara mbili tatu kwanza, kwa kuwa mengi yana chumvi ya pwani. Kila mwaka mchanganyiko hushuka vidole kadhaa; jazia mboji juu, ila usiufukie mti shingo.

Maji ya bomba, ya kisima, ya mvua

Mndimu uliokomaa kwenye nusu pipa hunywa lita 6 mpaka 10 kwa siku wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi mwanzoni. Miti kumi ni ndoo tatu hadi tano kubwa kila siku. Jiulize nani atazibeba, na siku za mgao itakuwaje.

Maji ya bomba ya DAWASA yanafaa mti wowote. Maji ya kisima ndiyo yanayoamua mti gani utaishi. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi hiyo haiondoki kwenye pipa kama inavyoondoka shambani. Kila ndoo inaongeza. Dalili yake ni ncha na kingo za majani kuungua kahawia, kuanzia majani ya zamani. Kama kisima ndicho ulichonacho, chagua mkomamanga au mpera, usilazimishe mlimau, na mara moja kwa mwezi mwagilia maji mengi mno mpaka yatiririke chini kwa dakika kadhaa, yaoshe chumvi. Fanya hivyo wakati wowote upatapo maji ya bomba.

Maji ya mvua ndiyo matamu kuliko yote kwa mti, ila paa bapa lina tatizo: huwezi kuyakinga maji ya paa ukayaweka kwenye tenki lililo juu ya paa hilohilo. Jawabu ni kile kibanda cha ngazi. Bati lake la mita 12 za mraba, kwa mvua yetu ya milimita 1,100 hivi kwa mwaka, hupokea lita 13,000. Mvua moja nzuri ya milimita 20 hujaza pipa zima la lita 200 na kumwagika. Weka mfereji, bomba fupi, pipa lenye kifuniko na wavu. Hayanitoshi mwaka mzima, lakini Novemba na Desemba, vuli inapokuja kwa kusitasita, ndiyo yananivusha.

Miti yenyewe

Jedwali hili limetokana na mapipa yangu na ya majirani wawili. Chombo kilichotajwa ni kile kidogo kabisa kinachotosha mti ukiwa mkubwa na unakatwa matawi.

| Mti | Chombo | Maji yenye chumvi | Upepo | Tunda la kwanza |
|---|---|---|---|---|
| Mndimu, mlimau wa kubebeshwa | lita 80–100 | haupendi kabisa | wastani | miaka 2–3 |
| Mkomamanga | lita 60–80 | unavumilia kiasi | vizuri | miaka 2–3 |
| Mpera | lita 80–100 | unavumilia kiasi | vizuri ukikatwa | mwaka wa 2 |
| Mpapai | lita 60 | kidogo | vibaya | miezi 9–12 |
| Mstafeli | lita 100–150 | haupendi | vibaya | miaka 3–4 |
| Mwembe wa kubebeshwa | lita 200 | haupendi | wastani | miaka 3–4 |

Kama maji yako ni ya bomba na unapanda mti mmoja tu, panda mndimu. Hukaa mfupi, huzaa mara nyingi kwa mwaka, na ndimu haina siku isiyohitajika jikoni. Ukinunua mche, tafuta kovu la kubebeshwa, liwe angalau kiganja kimoja juu ya udongo. Kila chipukizi linalotoka chini ya kovu likate siku uliyoliona. Hilo ni tawi la shina la mama, lina miiba mirefu na halina shukrani; ukiliachia mwaka mmoja linaupiku mti wako na unabaki kujiuliza kwa nini ndimu zimekoma.

Adui wa mndimu ni kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege, mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi na manjano. Akiwa mdogo huwezi kumdhania kuwa ni kiumbe hai. Mtoe kwa mkono asubuhi. Sijawahi kuhitaji dawa kwa ajili yake. Juu ya paa miti ni michache, macho yanatosha. Wadudu magamba wanaong'ang'ania vijiti huja pamoja na sisimizi wanaowachunga kwa ajili ya ute wao mtamu. Paka maji ya sabuni kwa kitambaa, kisha wazibie sisimizi njia. Majani yakigeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, mti unaomba madini, hasa chuma na zinki.

Mkomamanga ndio ninaompa mtu mwenye maji ya kisima, mtu anayesafiri, na mtu aliye Masaki, Kigamboni au popote upepo unapokuja na chumvi ya bahari. Unavumilia kiu, jua la zege na kusahauliwa. Maua yake mekundu hukaa muda mrefu, na ndege aitwaye chozi hupenda kuja kuyanyonya. Sitakuficha kwamba tunda lake pwani halifikii lile la nchi kavu: unyevu wa masika huliwekea madoa, na ukimwagilia leo sana kisha ukaacha wiki, linapasuka. Atakaye mti wa kudumu ataridhika nao. Anayetaka makomamanga ya sokoni atasikitika.

Mpera huzaa kwenye matawi mapya, kwa hiyo kila ukikata unazidi kupata. Hilo ndilo linaloufanya ufae pipa: unaweza kuuweka kwenye urefu wa bega lako miaka yote. Ila inzi wa matunda hatakuachia pera hata moja lililo salama usipoyavisha. Mfuko wa karatasi au soksi kuukuu, pera likiwa na ukubwa wa gololi, basi. Watoto wangu huifanya kazi hiyo kwa furaha, na soksi zisizo na mwenzake zimepata kazi.

Mpapai unavutia kwa sababu ni wa haraka. Tatizo ni kwamba shambani unapanda miche mitatu shimo moja ili ujue upi ni jike. Kwenye pipa huna nafasi hiyo, unacheza bahati nasibu, isipokuwa umepata mbegu ambayo miche yake mingi huwa na jinsia zote mbili. Na kichwa chake kizito juu ya shina tupu ni mlingoti kwa upepo wa kusi. Mstafeli una majani laini na mizizi ya juujuu. Nimeuona ukiishi vizuri nyuma ya kibanda cha ngazi tu, upande usiopata kusi.

Mlonge sikuuweka kwenye jedwali kwa sababu haupandwi kwa tunda. Ukiukata kila ukifika kifuani, nusu pipa moja litakupa mboga mwaka mzima. Mwarobaini, mkungu, ashoki na mikuyu ya aina zote usiipandishe juu. Na mche wa mkuyu uliojiotea kwenye ufa au mferejini, ulioletwa na ndege, ung'oe ungali na majani mawili. Mzizi wake huingia kwenye zege kama kabari.

Kama shida yako ni kivuli kuliko matunda, nitakwambia jambo ambalo muuza miche hatakwambia: usipande mti. Mpasheni kwenye nusu pipa moja, uliotambazwa juu ya waya na mabomba mepesi, hufunika mita za mraba kumi na zaidi ndani ya mwaka. Kupata kivuli hicho kwa miti ungehitaji mapipa sita au saba. Kwa kila kilo unayoiweka juu ya zege, mtambaazi unakulipa kivuli zaidi.

Upepo, kunguru na majira

Juu ya ghorofa la nne upepo si ule unaoujua uani. Mwezi wa Juni na Julai kusi huvuma siku nzima, na mti wenye kichwa kipana kwenye chombo chepesi huanguka. Weka mti usizidi mita mbili, punguza matawi ya katikati upepo upite, na ufunge pipa, siyo shina tu, kwenye kitu kisichong'oka. Kamwe usiweke chombo ukingoni. Chini kuna wapita njia, kuna mama anayekaanga mihogo, kuna bodaboda zimesimama kivulini. Mimi naacha umbali kutoka ukingo unaozidi urefu wa mti wenyewe, ili hata ukilala, ulale ndani.

Kunguru weusi huvunja vijiti vibichi kwa ajili ya viota na kudonoa matunda yanayoanza kuiva. Wavu ndio dawa pekee niliyoiona ikifanya kazi. Vipande vya CD viliwatisha wiki moja.

Kuhusu wakati wa kupanda, wengi husema vuli. Mimi napanda mwanzo wa masika, mwezi wa tatu. Mche uliopandwa vuli hukutana na jua la Januari kabla mizizi haijashika, ilhali wa masika hupata miezi mitatu ya mvua na kisha ubaridi wa katikati ya mwaka. Shambani tofauti hiyo ni ndogo. Kwenye pipa ni uhai na kifo.

Mbolea kwenye chombo huoshwa na kila umwagiliaji. Samadi iliyooza vizuri, kopo mbili kila baada ya miezi miwili au mitatu, inatosha. Ya kuku iwe nusu ya hapo maana ni kali. Kila mwaka wa tatu, wiki chache kabla ya masika, ulaze mti chini, uutoe, ukate robo ya mizizi pembeni na chini kwa kisu kikali, upunguze matawi kwa kadiri hiyohiyo, kisha uurudishe kwenye mchanganyiko mpya. Inaonekana ukatili. Usipoufanya, mizizi hujizungusha mpaka maji yanapita pembeni bila kuinywesha.

Mpangaji asisahau idhini ya mwenye nyumba, na wenye fleti za kununua wakumbuke kwamba paa kwa kawaida ni mali ya wote ndani ya jengo. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inazungumzia maeneo hayo ya pamoja, na ni vizuri kuwa na karatasi iliyotiwa saini kuliko maneno ya kwenye ngazi.

Na mwembe je?

Ndiyo, unaweza. Uwe wa kubebeshwa, kwenye pipa zima lenye mchanganyiko mwepesi, juu ya nguzo na si pengine. Utakupa maembe machache, kumi au ishirini kwa mwaka mzuri, na utataka kiangazi kidogo cha katikati ya mwaka ili utoe maua, kwa hiyo punguza maji Juni. Kwa uzito huohuo ungepata mindimu miwili inayozaa karibu kila mwezi. Kwa akili ya hesabu, mwembe unashindwa.

Lakini mimi mwenyewe niliupanda. Ulikuwa dodo, mche wa kutoka kwa mama yangu, na sikuwa na ardhi ya kuuweka. Uliishi juu miaka mitano. Mwaka jana tulipopata kiwanja Kibaha, tuliukata matawi, tukaufunga shuka, na vijana wanne wakaushusha ngazi kwa ngazi, ghorofa nne, wakipumzika kila kituo. Pipa lilipita mlangoni kwa sababu lina sentimita 58 na mlango wa ngazi una 80. Jirani yangu aliyepanda wake kwenye sanduku la mbao la mita moja kwa mita moja bado hajui atautoa vipi. Kwa hiyo kabla hujakata pipa au kuunda sanduku, shuka na futikamba mpaka lango la chini, pima kila mlango na kila kona ya ngazi, uandike ile iliyo nyembamba kuliko zote.